Mwaridi Mgeni: Siku za Mwanzo za Waridi la Kununua

(Mhadhara kwa wapenzi wa bustani za nyumbani, Chumbageni, Tanga)

Assalamu alaykum. Shikamooni wakubwa zangu. Mama zangu, dada zangu, na nyie kaka mliojibanza pale mlangoni, sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa niseme juu ya mawaridi ya kununua, haya ya kwenye vyungu na viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche. Kisa karibu ni kimoja kwa wote: mtu kaununua mwaridi umesheheni maua, wiki mbili baadaye majani manjano, mwezi ukiisha zimebaki fimbo. Halafu tunasema waridi halistawi Tanga. Linastawi. Kinachouua mwaridi mara nyingi ni pilikapilika zetu za siku za mwanzo.

Hebu fikirini ulikotoka. Miwaridi mingi hulelewa penye baridi, Arusha huko, au hapo juu Lushoto, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, ambako jioni watu wanatafuta masweta. Umepakiwa garini, umetikiswa njia nzima, umeteremshwa kwetu kwenye joto la nyuzi 32 na hewa nzito ya bahari. Majani yale yalizoea mwanga wa kule na hewa ya kule, kwa hiyo unayapukutisha uote mengine. Msililie. Kwaruzeni gome kwa ukucha: chini pakiwa na kijani, uko hai. Pakiwa kahawia na pakavu, kateni hadi mnapokuta kijani.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu msiwasikilize. Siku ya tatu ndipo watu wanapouhamishia chungu kipya, wanatia samadi ya kuku, wanapogoa, yote Jumapili moja. Uacheni humo humo alimokuja nao muuzaji, wiki mbili au tatu. Samadi ingojee mpaka machipukizi mapya yatoke, nayo iwe imeoza sawasawa, kwani ile mbichi inaunguza mizizi.

Siku chache uwe barazani, kwenye kivuli chepesi. Kisha usogezeni taratibu kwenye jua la asubuhi. Ukishazoea unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku, lakini si lile la saa saba mchana linalogonga ukuta wa saruji na kurudi. Kiriba cheusi kikikaa hapo, mizizi inapikwa. Kitieni kizima kizima, bila kuutoa mche, ndani ya chungu kikubwa zaidi, au mkifiche nyuma ya vyungu vingine. Sebuleni? Hapana. Meza ya sebuleni tuwaachieni maua ya plastiki.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo. Tazameni huu mdogo nilionao mkononi. Kwanza hii karatasi ya kung'aa waliyoufunga: itoeni leo leo, kwa sababu maji yanatuama ndani yake na mizizi inaoza huku juu panaonekana pakavu. Pili, nikiuchomoa hivi... mnaona? Mashina manne. Si mwaridi mmoja, ni vipandikizi vinne vimesongamanishwa ili chungu kionekane kimejaa. Vyote vinagombea kijiko kimoja cha udongo. Mbele ya safari, kile dhaifu kikateni usawa wa udongo. Msiking'oe, mtang'oa na mizizi ya wenzake.

Kujua kama una kiu, zamisheni kidole hadi pingili ya pili. Pakiwa na ubichi, muacheni. Pakiwa pakavu, mwagieni mpaka maji yatoke chini, na sahani mwageni. Udongo huu mweusi mwepesi ukikauka kabisa unakataa maji, yanapita pembeni tu na kutoka. Hapo tumbukizeni chungu kwenye beseni nusu saa, kinywe chenyewe kutoka chini.

Lakini maji gani? Wengi wetu tuna visima, na visima vya karibu na bahari vina chumvi. Waridi halipatani na chumvi hata kidogo. Ukiona kingo za majani zimeungua kahawia, na ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu, usiseme kiu ukaongeza maji yale yale. Kingeni maji ya mvua. Mwagieni mengi kwa mpigo, yaioshe chumvi itoke na matundu ya chini.

Chumvi hiyo hiyo inaingia kwa mlango wa nyuma. Makumbi ya nazi ni mazuri kulainisha udongo, lakini yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yameloa maji ya bahari. Yaosheni kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa kwanza. Na maganda ya mayai, mama zangu! Udongo wetu wa matumbawe umejaa chokaa tayari. Jani jipya likitoka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, chokaa imezidi na mmea haupati madini ya chuma. Ganda la yai linaongeza lile lile.

Madoa meusi kwenye majani ni ukungu, na ukungu unataka jani lilale na maji. Kwa hiyo mwagieni udongoni, asubuhi. Majani yakipauka kama yamenyunyiziwa vumbi, gongeni jani juu ya karatasi nyeupe: vidoa vikitembea, ni utitiri. Rusheni maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi jua likipanda, yakauke upesi, kisha maji ya mwarobaini yenye sabuni kidogo, jioni.

Naam, bibi yangu wa nyuma? Anauliza kama maua haya anaweza kuyatia kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, na kwenye sharubati.

Sharubati, hapana bibi. Maua yaliyokuja na mche huenda yamepigiwa dawa za wadudu ambazo si za kunywa. Kikuba subiri yatakayochanua kwako, uyachume asubuhi kabla harufu haijakimbia. Tena usitarajie makubwa, mengi ya dukani siku hizi yamezalishwa kwa sura, ukiyanusa unanusa hewa. Ukitaka la kikuba, kaombe kwa jirani mwenye mwaridi wa zamani uani. Kijiti unene wa penseli, urefu wa shibiri, kutoka tawi lililomaliza kuchanua. Punguza majani ubakize mawili ya juu, fukia nusu yake kwenye mchanga usio wa baharini, kivulini. Masika ndiyo hayo yanaingia, ni wakati wake.