Kabla ya chipu, hitisinki: mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa umeme, Dar es Salaam

Ndugu zangu, Seebeck, aliyegundua kuwa tofauti ya joto huzaa umeme, mnamjua, tumruke. Nianze na ugomvi wangu wa siku zote. Mtu akitaka kuendesha kihisi kwa joto la bomba, swali lake la kwanza ni "nitumie chipu gani?" Chipu ni swali la tatu huko. La kwanza ni hitisinki, kile kipande cha metali chenye mapezi kinachomwaga joto hewani.

Tupige hesabu. Bomba la maji moto, uso wake una nyuzi 60. Hewa ya chumba cha mitambo hapa Dar, nyuzi 31. Tofauti ni 29. Kijana anachukua moduli ya Peltier, kibamba kinachozaa umeme upande mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, ile TEC1-12706 yenye jozi 127 za semikondakta, inayotoa kama milivolti 50 kwa kila nyuzi. Anazidisha: volti 1.45! Anaagiza konvata, chipu ya kupandisha volti, siku hiyo hiyo. Akishafunga, mita inamwonyesha milivolti 276. Anasema kauziwa feki Kariakoo.

Hakuuziwa feki. Zile nyuzi 29 ziko kati ya bomba na hewa, si kati ya nyuso mbili za moduli. Joto linapita kwa zamu: moduli inakinza joto kama nyuzi 2 kwa wati (kila wati ya joto inayopita hula nyuzi 2), grisi ya pande zote mbili nusu nyuzi, hitisinki ndogo isiyo na feni nyuzi 8. Jumla 10.5. Moduli ina 2 kati ya hizo, hivyo katika nyuzi 29 inaambulia nyuzi 5.5 tu, na hizo ndizo milivolti 276. Ukinzani wake wa ndani wa umeme ukiwa omu 2, nguvu ya juu kabisa ni volti mraba gawanya kwa mara nne ya ukinzani: milivati 9.5.

Sasa badilisha hitisinki peke yake, weka ya nyuzi 4 kwa wati. Moduli inapata nyuzi 8.9, volti zinafika milivolti 446, nguvu milivati 25. Saketi hujaigusa! Nionyesheni chipu itakayowapa mara mbili na nusu.

Najua yupo anayejisemea: "Si niunganishe moduli mbili mfululizo?" Haya, zilaze ubavu kwa ubavu chini ya hitisinki ile ile ya nyuzi 8. Joto limepata njia mbili, hivyo ukinzani wa moduli kwa joto unashuka hadi 1 na wa grisi hadi 0.25. Kila moduli inabaki na nyuzi 3.1. Jumla milivolti 313, lakini omu sasa ni 4, kwa hiyo milivati 6. Umelipia moduli ya pili ili upate pungufu ya ulichokuwa nacho. Zipandanishe moja juu ya nyingine, utakaribia milivati 13, maana sehemu kubwa zaidi ya tofauti ya joto inabaki ndani ya moduli. Usiponiamini, kapime.

Na msiniletee saa ya kuendeshwa na joto la mwili. Ngozi ina nyuzi 33, hewa yetu 31. Huko kwenye vyumba vya nyuzi 20, sawa.

Mapezi ya hitisinki yasimame wima. Skrubu za chuma zinazounganisha upande wa moto na wa baridi zinavusha joto pembeni ya moduli. Tumia za nailoni.

Haya, chipu, naona mwenyekiti anatazama saa. Konvata za dukani zinazoanzia volti 0.9 hazitaamka, kwani transista ya silikoni yenyewe inataka kama 0.6. LTC3108 inakwepa hilo kwa transfoma ya 1:100 na transista inayopitisha umeme hata geti ikiwa sifuri, hivyo inaamka kwa milivolti 20. Gharama yake ni ufanisi chini ya nusu: zile milivati 9.5 zinabaki kama 3. Chipu nyingine, BQ25504, ina ufanisi zaidi, ila kwa milivolti 276 haiamki bila betri ya kuianzisha. Na bodi zilizopangwa kwa sola hushika asilimia 80 ya volti wazi (za chanzo kisicho na mzigo). Moduli ya joto inataka 50. Badilisha rezista zinazopanga asilimia hiyo.

Waya: mita moja kwenda na moja kurudi, wa milimita mraba 0.14, ni robo omu. Kwenye chanzo cha omu 2, huo ni wizi.

Kapasita ya kutunza umeme: farad 0.1 ikishuka kutoka volti 5 hadi 3.3 inatoa jouli 0.7. Redio ya LoRa, ya kutuma data mbali kwa nguvu ndogo, ikila miliampea 40 kwa sekunde 1.3 inataka jouli 0.17. Inatosha na kubaki.

Aliyeuliza kama bati la paa linaweza kuwa chanzo cha joto: usiku bati hupoa kuliko hewa, polariti (chanya na hasi) inageuka, na LTC3108 inanyamaza. Chukua LTC3109, inapokea pande zote mbili kuanzia milivolti 30, ila andaa transfoma mbili.