Jibini ya Maziwa Mabichi na Kanuni ya Siku 60

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunaizungumzia jibini ya maziwa mabichi, yaani ile inayotengenezwa kwa maziwa ambayo hayakupashwa joto la kuua vijidudu, kama vile Brie de Meaux ya Ufaransa na Parmigiano Reggiano ya Italia. Kaka Bakari, tuanze na kanuni ya Marekani ya siku 60, maana wako wanunuzi wanaoitegemea kama cheti cha usalama.

BAKARI: Asante, dada Zuhura. Kanuni hiyo iliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1940, nayo inaruhusu jibini ya maziwa mabichi iuzwe endapo imekomazwa kwa siku zisizopungua 60 katika joto lisilo chini ya nyuzi 1.7 za Selsiasi. Hofu ya wakati ule ilikuwa homa ya matumbo na brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Hatari nyingine zilijulikana baadaye: ushahidi thabiti kwamba kijidudu cha listeria huenezwa kwa chakula ulitokana na mlipuko wa mwaka 1981 nchini Kanada, ambao chanzo chake kilikuwa saladi ya kabichi, na kijidudu kingine, E. coli O157:H7, kilitambuliwa kuwa kinaleta ugonjwa mwaka 1982.

ZUHURA: Hata hivyo, si kweli kwamba jibini inavyozidi kukomaa ndivyo vijidudu vinavyozidi kufa?

BAKARI: Inategemea jibini gani. Mgando wa Parmigiano hupashwa joto hadi karibu nyuzi 55, kisha jibini hukomazwa kwa miezi 12 au zaidi huku ikikauka, kwa hiyo vijidudu hukosa maji ya kuviwezesha kuongezeka. Jibini laini yenye ganda la ukungu huenda kinyume kabisa. Huanza ikiwa na uchachu, pH yake, yaani kipimo ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, ikiwa karibu 4.6, lakini ukungu hula asidi ya laktiki na kuzalisha amonia, hivyo pH ya sehemu iliyo karibu na ganda hupanda hadi kukaribia 7. Listeria hustawi katika mazingira hayo, tena hukua hata ndani ya jokofu. Kwa jibini ya namna hiyo, kuongeza siku ni kumwongezea adui nafasi.

ZUHURA: Basi nikinunua jibini ngumu nimesalimika.

BAKARI: Hatari imepungua sana, na mimi mwenyewe huila bila wasiwasi, ila haijakwisha. Mwaka 2010 watu 38 katika majimbo matano ya Marekani waliugua kutokana na E. coli O157:H7 iliyokuwa katika Gouda ya maziwa mabichi. Kijidudu hicho huvumilia asidi, na majaribio yameonyesha kwamba kinaweza kubaki hai katika cheddar hata baada ya siku 60.

ZUHURA: Tukio ambalo mimi nalirejea kila mara ni lile la Los Angeles la mwaka 1985. Watu 142 waliugua listeria kutokana na jibini laini ya Kimeksiko, na vifo vilikuwa 48, vikiwamo vya watoto 20 waliokuwa bado tumboni na vichanga 10. Thuluthi mbili hivi za wagonjwa walikuwa wajawazito au watoto wao. Linalonisumbua ni kwamba jibini hiyo haikuuzwa kama ya maziwa mabichi. Uchunguzi ulionyesha kuwa maziwa mabichi yalikuwa yakichanganyika na yale yaliyopashwa joto, na kiwanda kilikuwa kikipokea maziwa mengi kuliko uwezo wa mtambo wake.

BAKARI: Walilibaini hilo kwa kipimo cha fosfatasi, kimeng'enya cha maziwa ambacho huharibiwa na joto lile lile la kuua vijidudu, yaani nyuzi 72 kwa sekunde 15. Kikionekana ndani ya jibini hiyo, maziwa hayakupashwa ipasavyo au yameingiliwa na mabichi.

ZUHURA: Na Uswisi, ambako Vacherin Mont-d'Or iliwaletea watu listeria kati ya mwaka 1983 na 1987, kijidudu kilikutwa kwenye rafu za mbao na brashi za maghala ya kukomazia. Kwa hiyo mimi sikubali kwamba suala lote ni maziwa. Usafi wa ghala una uzito uleule.

BAKARI: Nakubaliana nawe. Tumzungumzie mjamzito, kwa kuwa mama akiambukizwa listeria anaweza kupata homa ndogo tu huku mtoto akiangamia, na dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 70, wakati ambapo hakuna anayekumbuka alikula jibini gani.

ZUHURA: Je, akiipika?

BAKARI: Ikipikwa hadi ifuke mvuke, listeria hufa. Lakini kama kijidudu kiitwacho stafilokokasi kilishaongezeka ndani ya maziwa na kuacha sumu yake, sumu hiyo haiondoki hata kwa kuchemshwa, kwa hiyo jibini iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyokaa juani haiokolewi na sufuria.