Kumchagulia nyanya rangi za blanketi la kufuma

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nataka kumfumia nyanya yangu wa Molo blanketi la kufunika magoti, na kabla hatujashika sindano tuchague rangi. Molo kuna baridi kuliko hapa Nakuru mjini. Mwezi wa Julai nyanya hukaa na blanketi tangu asubuhi mpaka jua likolee, kwa hiyo atalitazama sana. Hatua hii tusiiharakishe.

Anza na mwenye blanketi, duka baadaye. Ukimuuliza anapenda rangi gani atakwambia, "Yoyote tu, mjukuu wangu." Angalia nguo anazozirudia: leso, sweta, kitambaa cha kichwa. Wangu hupenda damu ya mzee, basi hiyo ndiyo rangi yetu kuu.

Sasa tuje kwenye macho, maana hapa ndipo wengi hupita mbio. Mtu akizeeka, lenzi ya jicho huingia umanjano. Bluu na kijani huanza kufanana, na bluu iliyokolea huonekana nyeusi. Tazama madonge haya mawili, samawati na kijani: mimi nayatofautisha vizuri, lakini nyanya huenda akaona kama ni uzi mmoja. Kwa mzee, weka rangi iliyokolea kando ya iliyofifia.

Utajuaje kama zimeachana vya kutosha? Panga madonge mezani karibu na dirisha, yapige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Nasogeza kamera muone. Damu ya mzee na kijani cha msitu zimekuwa kijivu kilekile! Mistari ya rangi hizi mbili ingemezana kabisa. Kijani nakitoa. Nilifikiria rangi ya maziwa, ila nyanya hupikia kuni, na moshi ukishaingia kwenye nyeupe hautoki wote. Nachukua rangi ya mchanga, pamoja na manjano kidogo ya binzari.

Kata kipande cha katoni, uzungushie nyuzi kwa upana wa mistari utakaoutaka kwenye blanketi. Mimi huweka sehemu 6 za rangi kuu, 3 za pili, na 1 ya ile inayong'aa. Hiyo moja msiidharau, jamani. Ndiyo inayoamsha blanketi zima. Simamisha katoni ukutani, rudi nyuma hatua kadhaa, uangalie.

Dukani, omba kutoka na donge hadi mlangoni. Taa za dukani hubadilisha rangi, hasa nyekundu na kahawia. Halafu soma karatasi ya donge: kuna nambari ya rangi, na nambari ya awamu ambayo uzi ulitiwa rangi. Zote mbili zilingane kwenye madonge yote ya rangi moja, la sivyo utapata mstari uliofifia katikati ya blanketi. Nunua wa kutosha siku hiyohiyo. Blanketi la sentimita 90 kwa 120 hula takriban gramu 500 hadi 800, kutegemea unene wa uzi na mfumo wako. Ongeza donge moja la rangi kuu.

Nyumbani, lowesha kipande cha uzi mwekundu kwa maji ya uvuguvugu, ukikandamize kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha doa, uzi huo usiuweke karibu na rangi ya mchanga.

Mwisho, fuma kipande cha majaribio cha vitanzi 20 chenye rangi zote tatu. Ikiwa unafuma kama mimi, mbele na nyuma kwa kitanzi kilekile cha kawaida, badilisha rangi ukiwa upande wa mbele tu. Ukibadilisha upande wa nyuma, vidoti vya rangi iliyotangulia vitachungulia mbele. Kioshe, kianike kivulini, kikague tena mchana. Kikikuridhisha, anza kuhesabu vitanzi vya blanketi lenyewe.