Land Cruiser 80 kwenye tairi za inchi 35: kubadilisha kraun na pinioni mbele na nyuma

Gari mnayoiona hapa ni Land Cruiser 80 ya dizeli, injini 1HZ. Tairi zake za kiwandani, 275/70R16, zina kimo cha milimita 791. Sasa imefungwa 315/75R16, zile tunazoziita za inchi 35, kimo milimita 879. Ndiyo maana gia ya tano imebaki ya mteremkoni tu, na mlima wa Kitonga unapandwa kwa kuungaunga huku malori yakipiga honi nyuma. Injini haina ugonjwa. Tairi zimerefusha gia zote kwa asilimia 11, na dawa iko ndani ya difu: kraun, ile gia kubwa ya duara, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha.

Hesabu kwanza. Chukua 4.10, uwiano wa difu ya kiwandani, yaani propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) huzunguka mara 4.10 ili magurudumu yazunguke mara moja. Zidisha kwa 879, gawanya kwa 791: unapata karibu 4.56. Hiyo inakurudisha pale ulipokuwa siku gari ilipotoka kiwandani. Lakini hii imebeba bampa la chuma, winchi na keria, kwa hiyo tunaweka 4.88, fupi kuliko ya kiwandani kwa asilimia 7. Ipo pia 5.29, ila pinioni yake ni nyembamba zaidi, na kwa tairi hizi huna sababu ya kuinunua.

Usiamini kwamba gari lako ni 4.10 kwa sababu jirani kasema. Inua nyuma, zuia gurudumu moja, zungusha lingine mizunguko miwili kamili, hesabu propela. Ikizunguka mara nne na kidogo, ni 4.10. Njia hii ni ya difu isiyo na loki, kile kifaa kinachofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja. Na difu zote mbili zibadilishwe pamoja. Ukiendesha na 4.88 nyuma na 4.10 mbele, siku utakapofunga fo-wili kwenye lami ekseli zitavutana mpaka kitu kivunjike.

Manunuzi: seti mbili za kraun na pinioni, na kifurushi kamili kwa kila difu, yaani beringi, shimu (wosha nyembamba za kurekebisha nafasi ya pinioni), sili na nati mpya ya pinioni. Hapa wengi huliwa hela: difu ya mbele ya gari hii ina pinioni iliyokaa juu, na meno yake yamekatwa kinyume. Seti ya mbele ni ya mbele. Ongeza gasketi na sili za vichwa vya kugeukia, grisi, na lita 13 za oili GL-5 80W-90, kwa sababu tutajaza mara mbili, sasa na tena kwenye kilomita 800.

Kutoa difu ya nyuma ni kazi ya spana. Mwaga oili, fungua propela, toa nati za hafu-shafti. Zile ringi za koni chini ya nati zikigoma, gonga pembeni ya flenji kwa nyundo ya shaba, zitaruka zenyewe. Vuta shafti, fungua nati za difu, shusha kwa jeki. Usiikumbatie peke yako.

Mbele kuna jasho. Shafti hazitoki mpaka uvue breki, habu (nati yake inataka soketi ya 54) na ile spindo inayobeba habu, ndipo uzivute pamoja na jointi zake. Kwa kuwa umeshafika huko, badilisha sili za ndani. Sili ya zamani ikivuja, oili ya difu inaingia kwenye grisi ya jointi na utarudi kufungua upya.

Sasa mezani. Kabla ya kufungua kepu za beringi, piga alama za ponchi: nukta moja kushoto, mbili kulia. Kepu zimechongwa pamoja na difu yake, zikibadilishana hazikai tena. Kraun mpya usiigonge iingie. Ichemshe kwenye maji mpaka yatokote, itoe kwa koleo, ifute haraka, iweke juu ya kerea ya difu, ile nyumba inayobeba kraun. Tazama hapa: imeshuka kwa uzito wake. Bolti ziwe safi kabisa, gundi nyekundu, kaza kwa msalaba kwa toki (nguvu ya kukaza) iliyoandikwa kwenye karatasi ya seti.

Kina cha pinioni ndicho kinachoamua kama difu italia au itanyamaza. Chukua beringi kuukuu ya ndani, isage tundu lake kidogo ili iteleze kwenye pinioni kwa mkono. Hiyo ni ya majaribio, inakuepusha kwenda kwenye presi kila unapobadilisha shimu. Anza na shimu yenye unene ule ule uliotoka, upime kwa maikromita.

Rudisha kerea, weka geji ya saa kwenye jino la kraun. Mchezo, yaani ile nafasi kati ya meno ya kraun na pinioni, uwe kati ya milimita 0.15 na 0.20, upime sehemu nne. Kurekebisha, legeza nati ya kurekebishia beringi ya upande mmoja wa kerea na ukaze ya pili kwa vijino vile vile, ili beringi zisipoteze mkazo.

Paka rangi meno manne, bana kraun kwa kitambaa ili iwe nzito, zungusha pinioni kwenda na kurudi. Sogea karibu na kamera. Alama hii, pale pinioni ilipogusa rangi, iko juu, kwenye ncha ya jino: pinioni iko mbali, weka shimu nene zaidi. Ikizama chini kwenye shina la jino, punguza shimu. Tunataka ikae katikati kati ya ncha na shina. Hii ilihitaji shimu tatu kabla ya kukubali. Mchezo upime upya kila mara, maana ukigusa shimu nao unahama.

Alama ikikubali, weka beringi mpya kwa presi, zipake oili, kaza nati ya pinioni taratibu. Uzito wa kuzungusha pinioni peke yake unapimwa ikiwa inazunguka, si inapoanza. Fuata namba ya karatasi, na kumbuka beringi mpya huwa nzito kuliko kuukuu. Kama spesa yako (bomba dogo kati ya beringi za pinioni) ni ya kukunjika na umepitiliza, usirudishe nati nyuma. Tupa spesa, weka nyingine. Ukiilegeza tu, pinioni itacheza na meno yatalika.

Funga kila kitu, jaza oili mpaka itoke kwenye tundu la kujazia, karibu lita tatu kila difu.

Safari ya kwanza ni dakika 15 za taratibu, kisha acha difu ipoe kabisa, urudie mara mbili. Kilomita 800 za mwanzo usivute tela wala kubeba mzigo mzito. Spidomita itasoma zaidi kwa asilimia 7: ikionyesha 100, unaenda 93.

Kwenye kilomita 800, mwaga oili. Uji wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ni kawaida. Kipande kinachokwaruza kidole si kawaida, fungua difu kabla hujaendesha tena.