Namba ya Kwanza ni 137

Asanteni. Walioko mlangoni sogeeni ndani, nafasi bado zipo.

Leo tunasoma baiti za faili kwa JavaScript, lugha ya programu ya vivinjari. Nianze na picha. Kila faili la PNG, liwe la nembo ya duka au la ramani, huanza na baiti nane zilezile (kila baiti ni namba kati ya 0 na 255): 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Hizo 80, 78 na 71 ni herufi P, N na G. Ile 137 imewekwa mbele makusudi. ASCII, ile orodha ya namba za herufi, inaishia 127, kwa hiyo programu inayodhani imepewa maandishi inajikwaa palepale kizingitini. Nazo 13 na 10, ambazo ni alama za mwisho wa mstari, zinazinasa programu zinazochezea miisho ya mistari. Waliobuni muundo huu walikuwa wameshaumwa na nyoka, nao waliogopa hata ung'ongo.

Mimi nilikuwa sijaumwa. Nilitengeneza ukurasa wa kupokea picha, nikasoma faili kwa readAsText, amri ya kusoma faili kama maandishi, nikatuma. Lilipofika, picha haifunguki, na faili limenenepa! Nikachungulia baiti: pa 137 pamekaa 239, 191, 189. Kivinjari kilijaribu kuisoma kama UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, kikashindwa, kikaweka ile alama ya kuuliza iliyo ndani ya almasi nyeusi, ambayo peke yake ni baiti tatu. Hapo hakuna kurudi nyuma, kwa sababu kila kisichosomeka hugeuzwa alama hiyohiyo. Utajuaje kilikuwa nini?

Zamani XMLHttpRequest, njia ya ukurasa kuvuta data kutoka kwenye seva, ilitoa maandishi tu, watu wakabuni ujanja: unakiambia kivinjari kwa amri ya overrideMimeType kwamba herufi ni za x-user-defined, yaani za kujitungia. Hapo 137 inakuja kama herufi namba 63369, nawe unaikata kwa & 255, yaani unabakiza baiti ya mwisho tu, inarudi 137. Ujanja wa mjini, lakini ulifanya kazi. Kilichotuokoa ni michoro: WebGL, njia ya kuchora ndani ya kivinjari kwa kutumia kadi ya picha, iliyotoka rasmi 2011, ilihitaji kuipa kadi ya picha namba tupu, ndipo ArrayBuffer, chombo cha kubebea baiti tupu, na ndugu zake kama DataView na Uint32Array wa kuzisomea, wakaingia kwenye vivinjari.

Leo ni mistari mitatu:

const b = await faili.slice(0, 24).arrayBuffer();
const d = new DataView(b);
d.getUint32(16);

Hiyo slice, inayokata kipande cha faili, msiidharau. Mtu akichagua video ya GB 2, huna haja ya kuibeba yote ili usome baiti 24.

Mstari wa mwisho unasoma baiti nne kuanzia nafasi ya 16, unatoa upana wa picha. Ukiwa 800, baiti ni 0, 0, 3, 32, yaani 3 mara 256 ujumlishe 32. Zisome kutoka mkiani, utapata picha yenye upana wa pikseli 537,067,520. BMP, muundo mwingine wa picha, ndiyo huandika hivyo, kinyumenyume, na upana wake uko nafasi ya 18, basi unaandika getInt32(18, true), hiyo true ikimaanisha kinyumenyume. Ukijaribu new Uint32Array(b, 18), inayosoma baiti nne nne, utatupiwa kosa la RangeError, maana 18 haigawanyiki kwa 4. DataView haina masharti hayo, ndiyo maana naipenda.

Haya, fungueni kompyuta. Kila mmoja achague faili linaloishia na .png, asome baiti ya kwanza. Msitegemee faili.type, yaani aina ya faili inayotajwa na kivinjari, kwa kawaida kivinjari hukisia kutokana na jina tu. Atakayepata 255 na kisha 216 anyooshe mkono: hiyo ni JPEG iliyobadilishwa jina.