"Utajuaje?" Maneno kwa wanaotaka kwenda kusoma PhD ya uchumi

Asanteni sana. Walimu wangu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyie wadogo zangu mliojaa mpaka kwenye ngazi poleni na joto, nimeona feni za huku nyuma hazizunguki kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Nimeombwa niongelee PhD ya uchumi, mtu akienda ategemee nini. Nitaongelea zaidi ya Marekani maana ndiyo niliyosoma mimi na ndiyo wengi wenu mnaniandikia meseji kuiulizia, alafu mbele nitagusa ya hapa kwetu.

Tuanze na siku ya kwanza darasani, maana naikumbuka mpaka leo. Wewe umemaliza digrii yako, uchumi unaoujua ni mfumuko wa bei, bajeti, deni la taifa, kwa nini shilingi imeshuka. Unaenda kule unajua utayasoma hayo hayo ila kwa kina zaidi. Sasa profesa wa maikro, uchumi wa maamuzi ya mtu mmoja mmoja na soko, kaingia, hana slaidi hana kitabu, kachukua chaki kaandika x na y, katikati kaweka alama kama ile ya kubwa-kuliko ila imepindapinda, akasema hii maana yake huyu mtu anaiona x si mbaya kuliko y. Basi. Saa moja na nusu nzima tunathibitisha kwamba mtu akiweza kulinganisha vitu vyovyote viwili, na kama x anaipenda kuliko y na y kuliko z basi x anaipenda kuliko z, na mapenzi yake hayarukiruki ghafla, basi unaweza kumwandikia fanksheni ya namba inayoeleza anachopenda. Hakuna bei, hakuna soko, hakuna nchi yoyote imetajwa. Nikawa namsubiri aanze uchumi, kumbe alishaanza toka dakika ya kwanza.

Ndo mwaka wa kwanza wote unavyokwenda. Maikro, makro yaani uchumi wa nchi nzima, na ekonometria yaani takwimu za uchumi. Makro ni ekwesheni ya Bellman, ile ya kuamua leo ukiwa unahesabu na kesho, asubuhi mpaka usiku, ekonometria ni kuthibitisha kwa nini makadirio yako yanausogelea ukweli kadiri sampuli inavyokuwa kubwa, na kila wiki kuna maswali ya kukusanya, mnakaa watu wanne watano kwenye chumba kimoja mpaka saa nane za usiku mnabishana mstari wa tatu wa prufu. Nawaomba sana hapa, mkifika tafuteni kikundi wiki ile ile ya kwanza. Sisi tuliosoma huku tumezoea kwamba mwenye akili anajifungia chumbani anasoma mwenyewe alafu anaongoza darasa, kule ukifanya hivyo unazama, na mimi nilijifungia wiki sita nzima kwa sababu niliona aibu kuonekana sijui, wiki ya saba mwenzangu mmoja wa kutoka Chile akanigongea mlango akaniambia njoo hata sisi hatujui. Namshukuru mpaka kesho.

Kwa hiyo mnielewe ninaposema hesabu. Wanaochagua wanafunzi wanaangalia hesabu zako kabla hawajaangalia A zako za uchumi wa maendeleo. Kalkulasi ya vigezo vingi, aljebra ya matriki, probabiliti, na ile hesabu ya kuthibitisha tu ambayo haina namba, rial analisisi. Kama bado uko mwaka wa pili hapa chuoni vuka barabara nenda idara ya hesabu ukaombe kukaa kwenye hayo madarasa, hata kama hayahesabiki kwenye digrii yako.

Mwisho wa mwaka kuna mitihani ya kufuzu. Unakaa nayo masaa kadhaa kila somo, ukifeli unarudia mara moja, ukifeli tena vyuo vingi vinakupa masta unaondoka. Darasani kwetu waliondoka watu, na walikuwa watu wenye akili kabisa, mmoja wao ndiye aliyenifundisha mimi theoremu ya Kakutani, moja ya zile ngumu za hesabu, kwa kuchora kwenye karatasi ya kufungia chakula. Msije mkadhani anayeondoka ni mjinga, na msije mkadhani mkiondoka nyie ndo maisha yameisha.

Hela sasa, maana najua ndo swali la wengi. PhD ya uchumi ya maana kule hulipi wewe, wanakulipa wao. Ada inafutwa, bima ya afya mara nyingi wanatoa, na unapewa posho ya kuishi kwa miaka mitano hivi, na wewe kwa kubadilishana unafundisha vikundi vya wanafunzi wa digrii ya kwanza na kuwasahihishia mitihani yao. Wakikukubali bila ufadhili, wadogo zangu, naomba msiende, msiuze kiwanja cha wazee. Na pia nyumbani wasije wakadhani umepata utajiri, ile posho ukitoa kodi ya chumba na chakula inabaki kidogo sana, na simu za kutoka nyumbani zinakuja vile vile. Kwa wenye ndoa, ongeeni mapema. Ukienda na viza ya mwanafunzi, F-1, mwenzako anapewa ya mwenza, F-2, na F-2 hairuhusiwi kufanya kazi. Nimeona mwanamke nesi wa miaka kumi kazini amekaa ndani miaka mitano anaangalia theluji dirishani, mume anarudi saa nane za usiku. Hiyo si habari ya pembeni, hiyo ni habari ya PhD yenyewe.

Mwaka wa pili nitaupita haraka, unachagua maeneo yako mawili, mfano maendeleo na kazi, au fedha na makro, unasoma machapisho badala ya kitabu na unaandika karatasi yako ya kwanza ndogo. Ni mwaka mtamu. Usiuzoee.

Mwaka wa tatu ndo niliotaka kuja kuwaeleza hapa leo.

Mwaka wa tatu hakuna darasa, hakuna mtihani, hakuna mtu anayekuuliza umeshindaje. Toka darasa la kwanza mpaka umri ule ulikuwa mtu wa kujibu, wanauliza wewe unajibu, na umefika pale ulipo kwa sababu unajibu vizuri. Sasa wanataka swali. Lako. Ambalo halijajibiwa na mtu, na lina umuhimu, na kuna njia ya kulijibu. Nimeona watu walioongoza mitihani ya mwaka wa kwanza wamekaa miezi kumi na nane hawana swali.

Mimi nilimpelekea supavaiza wangu mawazo matatu. La kwanza nilimwambia mikopo inasaidia wakulima. Akasema utajuaje? Nikamwambia nitalinganisha waliokopa na ambao hawakukopa. Akasema aliyeenda kukopa si labda ndo mchapakazi toka mwanzo, hata bila mkopo angefanikiwa, sasa utajuaje ni mkopo? La pili akasema utajuaje. La tatu utajuaje. Alikuwa mpole kabisa, ananisukumia na kahawa, ila nilitoka pale nimelowa jasho na nje ni Februari, baridi ya kule.

Hilo "utajuaje" ndilo PhD. Mengine yote, chaki, x na y, usiku wa saa nane, ni maandalizi ya hilo. Mfano mzuri uko jirani tu hapa Busia, Kenya. Kila mtu alikuwa anasema minyoo inawarudisha watoto nyuma shuleni, lakini utajuaje, maana shule inayogawa dawa inaweza kuwa ndo shule yenye mwalimu mkuu mzuri? Michael Kremer na Edward Miguel wakachukua shule 75 zilizogawanywa makundi matatu, dawa zikaanza kundi moja mwaka 1998, lingine 1999, la mwisho 2001, kwa hiyo wakawa na watu wa kulinganisha ambao hawakujichagua wenyewe. Wakaona utoro umepungua, na hata watoto wasiomeza dawa walinufaika kwa sababu maambukizi yalipungua. Ikachapishwa 2004. Watu wamebishana nayo kweli kweli baada ya hapo, hesabu zimerudiwa upya, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kremer alipata Nobeli ya uchumi 2019 pamoja na Banerjee na Duflo.

Sasa sikilizeni. Mimi nimekulia Njombe. Kila mwaka mama alikuwa anauza mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, alafu mwezi wa kwanza wa pili tunanunua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Nilimwuliza nikiwa mdogo, mama si tungeyaweka? Akanijibu deni la mbolea linasubiri? Na dumuzi je? Wale wadudu tunaowaita skania, wakiingia kwenye kihenge baada ya miezi michache unachota unga tu. Nikaona ndo maisha yalivyo, nikaacha. Niko mwaka wa tatu natafuta swali kwenye machapisho ya watu nakutana na utafiti wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2019, wakulima wamepewa mkopo wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza, wakayaweka mahindi wakauza baadaye, na mapato yakapanda. Lilikuwa swali la jikoni kwetu. Nilikaa na jibu la mama miaka ishirini sikujua kama ni swali.

Siku ile iliniuma, siwafichi. Lakini ndo iliyonitoa. Nikaanza kuandika kila kitu nilichokiona kwetu ambacho nilikichukulia ni kawaida. Wiki mbili baadaye niko na faili la bei za viazi, safu moja imeandikwa gunia, na kwenye semina wenzangu wote wanajua gunia ni kilo 100. Mimi naijua lumbesa. Nimeshika sindano na kamba mwenyewe, unajaza gunia mpaka mdomoni, alafu unalivika kofia ya kamba unazidisha viazi juu mpaka linakuwa na kichwa, na dalali analipa gunia moja. Sasa bei ya gunia ikikaa pale pale na gunia likinenepa, mkulima kapunjwa na kwenye data haionekani kabisa. Nikanyoosha mkono nikasema hiyo namba siyo bei. Supavaiza akaniuliza utajuaje, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu, nikamwambia tutapeleka mizani. Sura ya pili ya tasnifu yangu ilitoka hapo.

Kwa hiyo mkienda msiache vya kwenu uwanja wa ndege. Mtashawishika kufanya swali la data ya Marekani kwa sababu ni safi na imeshapangwa, na kama unalipenda kweli fanya. Ila mnavyovijua nyie kuhusu vikoba, michezo ya kupeana, bodaboda za mkataba, mizani ya pamba, hakuna wa kuvisoma kwenye maktaba.

Kuna jambo lazima niliseme kabla ya kazi. Watafiti waliwachunguza wanafunzi wa PhD ya uchumi kwenye idara 8 kubwa za Marekani wakakuta kama asilimia 18 wana dalili za sonona au wasiwasi za kiwango cha kati au kikali. Kwetu mtu akisema hivyo anaambiwa aombe au atulie. Ombeni, lakini pia kila chuo kule kina washauri na mara nyingi bima inalipia. Mimi nilienda mwaka wa nne, na nawaambia hapa mbele ya walimu wangu kwa sababu hakuna aliyeniambia kabla sijaondoka.

Mwaka wa mwisho ni soko la ajira, na lina ratiba yake. Unakuwa na karatasi moja tu unayojulikana nayo. Matangazo mengi yanapita kwenye orodha ya chama cha wanauchumi wa Marekani, mwezi wa kumi na moja unatuma maombi, wengine sehemu zaidi ya mia, usaili ambao zamani ulikuwa unafanyika hotelini kwenye mkutano wa Januari siku hizi unafanyika kwa video, na wakikupenda wanakuita siku nzima, unatoa semina ya saa moja na nusu na wanakukatiza toka slaidi ya pili. Watakuuliza swali lile lile mnalolijua sasa.

Na ya kwetu. AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, ipo Nairobi toka 1988, na toka 2002 ina programu ya pamoja ya PhD ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni moja ya vyuo vinavyotoa digrii. Masomo ya msingi unasoma chuoni, ya kuchagua mnakutana Nairobi na wenzenu wa nchi nyingine, alafu unarudi kuandika. Marehemu Profesa Benno Ndulu alichukua PhD Northwestern, akafundisha hapa Dar, akaiongoza AERC, kisha akawa gavana wa Benki Kuu toka 2008 mpaka 2018. Watu kama Ndulu hawakuijenga AERC iwe ya waliokosa Marekani, kwa hiyo msiombe kwa huzuni.

Dada pale umeniuliza kwenye karatasi uanze lini. Maombi mengi ya Marekani yanafungwa Desemba, majibu yanaanza kuja Februari, na ukipata zaidi ya chuo kimoja chenye ufadhili una mpaka tarehe 15 Aprili kuamua, wasikuharakishe. Ada ya maombi ni kama dola 100 kila chuo, ila waandikie uombe wakusamehe, wengi wanasamehe. Barua tatu za walimu ndo zinachelewesha watu. Walimu wako wako hapa mstari wa mbele, ukitoka nje kwenye chai nenda kaongee nao leo, uwapelekee na ile karatasi yako ya utafiti waisome, sio CV peke yake.