Kitinda Mimba Hakubadilishiwa Plagi

MUTISO: Tumerudi. Leo nimejiandaa. Nina karatasi hapa, mambo matano ya kukagua kabla hujanunua gari la silinda sita. Lakini kwanza, Achieng', Shangazi anaendeleaje?

ACHIENG': Usianze.

MUTISO: Si mimi, ni wasikilizaji. Wiki jana ulisema anakohoa.

ACHIENG': Haya. Mnaomjua Shangazi mnajua ni gari, Toyota Mark II ya mzee wangu, injini ya 1G, lita mbili, silinda sita zimepanga foleni. Mwezi uliopita nikampeleka sevisi. Gereji sitaitaja. Risiti ikaandikwa plagi sita, nikalipa plagi sita. Jumatatu niko Outering, Donholm pale, magari yamesimama. Shangazi anatetemeka kama mtu wa malaria.

MUTISO: Huyu ndiye uliyetuambia hata ukimwekea chai juu ya injini haimwagiki?

ACHIENG': Huyu huyu. Jumatano nikaenda Kariobangi, kwa mzee mmoja, miwani yake imefungwa kwa waya. Hakuleta kompyuta. Aliwasha injini, akawa anachomoa soketi ya koili moja, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, anasikiliza, anarudisha. Ya kwanza, mlio ukalegea. Ya pili, ukalegea. Mpaka ya tano. Akachomoa ya sita, hakuna kilichobadilika. Akasema, "Huyu amelala kitambo." Kufungua, plagi tano zinang'aa. Ya sita nyeusi tititi, ncha imelika.

MUTISO: Ya sita ndiyo ile ya nyuma kabisa?

ACHIENG': Imejibana karibu na ukuta wa dashibodi. Mkono unaingia kwa taabu. Yule wa kwanza alichoka.

MUTISO: Yaani watoto watano wamenunuliwa viatu, kitinda mimba akaambiwa angoje Krismasi.

ACHIENG': Na kwenye risiti amenunuliwa!

MUTISO: Viatu vikapotelea njiani. (kicheko) Pole, maskini. Analala nyuma ya mlango, kwenye joto, hakuna anayemtembelea.

ACHIENG': Cheka tu. Ila nilipokuwa pale nimekaa kwenye ndoo, kando kulikuwa na lori la Isuzu, hayo makubwa ya silinda sita, wamelifungua kifuniko cha vali. Fundi wa lori anaseti tapeti, yaani ile nafasi ndogo ya vali. Akamwambia kijana wake, "Zungusha polepole, tazama nambari sita." Nikamuuliza, kwani unaseti ya sita? Akasema hapana, naseti ya kwanza.

MUTISO: Sasa ya sita inahusu nini?

ACHIENG': Hapo ndipo nilipoacha kusinzia. Kwenye injini ya foleni ya sita, pistoni ya kwanza na ya sita hupanda pamoja na kushuka pamoja. Ya pili na ya tano vilevile. Ya tatu na ya nne vilevile. Ukiona vali za sita zinapishana, moja inafunga nyingine inafungua, basi ya kwanza iko juu kabisa na vali zake zote zimelegea. Hapo ndipo unapoingiza kile kibati cha kupimia.

MUTISO: Kifungua mimba hawezi kutahiriwa mpaka kitinda mimba apatikane.

ACHIENG': Mutiso!

MUTISO: Si ndivyo ulivyosema? Endelea.

ACHIENG': Na ndiyo sababu haitetemeki. Nusu ya mbele ni kioo cha nusu ya nyuma. Kila mmoja ana pacha upande wa pili, misukumo inafutana. Nne yako ya Probox haifanyi hivyo. Mbili zinapanda, mbili zinashuka, ungedhani zimelingana. Lakini pistoni inayotoka juu huanza kwa kasi kuliko inayotoka chini, kwa sababu ya pembe ya konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na kranki, shafti kuu ya injini. Tofauti hiyo inakupiga mara mbili kila kranki ikizunguka.

MUTISO: Na mimi nalala fofofo ndani ya hiyo Probox. Sasa mlo unagawanywaje? Huyu wa nyuma anakula wa mwisho?

ACHIENG': Zinawaka kwa zamu: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Huyu wa sita yuko zamu ya nne.

MUTISO: Kwa hivyo wa mwisho kula ni silinda nambari nne. Mtoto wa kati. Hiyo ni nyumba yetu kabisa! Wakubwa wameheshimiwa, wadogo wamebembelezwa, sisi wa katikati tunapewa ukoko.

ACHIENG': Wewe ni wa ngapi?

MUTISO: Wa nne kwa sita. Sina la kuongeza.

ACHIENG': (kicheko) Sasa nimeelewa chuki yako yote na injini hii.

MUTISO: Hapana, chuki yangu ina hesabu. Lita mbili gawa kwa sita. Kila silinda inabaki na chupa moja ya soda. Sita za nini? Pete sita za pistoni, hapana, seti sita, plagi sita, koili sita, msuguano wa sita, petroli ya sita, upate nguvu ambayo nne ingekupa. Lori nakubali. Mjomba ameendesha Mombasa hadi Malaba miaka mingi, kila lori lake lilikuwa sita kwa foleni. Kranki imeshikwa na beringi kubwa saba, gasketi ya hedi iko upande mmoja tu, ekzosi moja. Pale unavuta tani kupanda kwenda Timboroa. Wewe unavuta mkoba.

ACHIENG': Na hata kwa malori walijaribu kutoroka. Actros za kwanza, malori ya Mercedes ya 1996, zilikuja na V6 na V8, silinda zimegawanywa safu mbili. Mpya ya 2011 ikaja na sita ya foleni, lita 12.8. Walirudi wenyewe.

MUTISO: Scania bado wana V8.

ACHIENG': Na foleni ya lita 13 wanayo. Kwa magari madogo ni hivyo hivyo, Mercedes waliiacha ile ya petroli miaka ya tisini, wakairudia 2017. Mazda wakatoa yao 2022. BMW hawakuwahi kuiacha.

MUTISO: Na Toyota? Land Cruiser 300, 2021, V6. Wao ndio waliotupa 1HZ, sita ya foleni, lita 4.2, bila tabo, gari la polisi na la mbuga. Wakichagua V wao, wewe ni nani?

ACHIENG': Huenda ni kwa sababu ya urefu. V ni fupi, inaingia popote. Haimaanishi ni bora.

MUTISO: Sasa umejijibu. Ni ndefu mno, ndiyo maana kitinda mimba wako hafikiwi. Injini inayomdai fundi awe na mkono wa mtoto, hiyo ni kasoro ya aliyeichora.

ACHIENG': Ni uvivu wa fundi! Yule mzee aliifikia kwa ekstensheni mbili, dakika ishirini. Na V6 iliyolazwa kwa upana, watoto watatu wamegeukia ukuta. Nyingi lazima ung'oe manifoldi ya hewa ndipo uwaone.

MUTISO: Ndiyo nasema nne! Zote ziko mbele yako kama soda kwenye kreti.

ACHIENG': Na zinatetemeka.

MUTISO: Kwa barabara ya kwetu, utajuaje ni injini au ni shimo?

ACHIENG': Nikiwa nimesimama, Mutiso. Nairobi tunasimama kuliko tunavyokwenda. Hapo ndipo unaisikia.

MUTISO: Ukisimama unachoma mafuta ya watoto sita. Achieng', mimi siwezi kukubali kwamba mashine ni nzuri halafu kila anayeihudumia ni mbaya.

ACHIENG': Na mimi siwezi kukubali kwamba tupunguze watoto kwa sababu mlezi ni mvivu.

MUTISO: Basi tuko palepale.

ACHIENG': Palepale.

MUTISO: Dada, naona pale nje wanatuonyesha saa. Wenye zamu ya saa tano washafika. Karatasi yangu!

ACHIENG': Soma haraka.

MUTISO: La kwanza, gari liwashwe likiwa baridi, usikubali kukuta limeshachemshwa. La pili... hili lina maelezo marefu. La tatu ni redieta. Hapana, haiwezekani, nitaileta wiki ijayo.

ACHIENG': Wiki jana ulisema hivyo kuhusu matairi.

MUTISO: Ile plagi nzee uliitupa?

ACHIENG': Ninayo hapa kwenye mkoba. Narudi nayo kule gereji na risiti yao, Jumamosi.

MUTISO: Nitakupeleka. Na Probox.